Kung'oa jino la juu hakupofushi jicho

"Daktari, hili la juu liache, usije ukanipofua." Ukifanya mazoezi ya kliniki Dodoma maneno hayo utayasikia, mgonjwa awe katoka Bahi au Kongwa. Usimpuuze mzee wa watu. Mweleze.

Kuona ni kazi ya neva (mshipa wa fahamu) ya 2 ya fuvu, inayotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Meno ya juu yanahudumiwa na neva ya 5, tawi lake la pili. Tawi hilo hupita kwenye sakafu ya tundu la jicho, kisha hutokeza usoni chini kidogo ya ukingo wa tundu hilo. Linabeba hisia za mguso na maumivu tu, si kuona. Ndiyo maana ganzi ikichomwa hapo, kope la chini, ubavu wa pua na mdomo wa juu hufa ganzi kwa saa chache, na mgonjwa huogopa kwelikweli. Mwambie mapema.

Kinachotisha zaidi ni kuliacha jino bovu. Usaha wa chonge la juu unaweza kuvimbisha uso hadi jicho lifumbe, na maambukizi yakipanda kwa vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za uso huweza kuingia ndani ya fuvu. Ni nadra, lakini huua. Uvimbe wa hivyo ukiambatana na homa au kuona vitu viwiliviwili, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.