Kipimo cha MRI na mgongo unaouma: maswali na majibu

Kwa nini kulala chali kwa nusu saa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kunatesa kiasi hicho?

Miguu ikinyooka, misuli inayounganisha kiuno na mapaja huvutika na kuubinua mgongo wa chini. Uzito huangukia viungo vidogo vya nyuma ya pingili, na mwenye mfereji wa uti wa mgongo uliobana huhisi neva zikikandamizwa zaidi. Ongeza hapo kitanda chembamba na kigumu. Kwa hiyo maumivu hayo si uzembe wala woga. Yanatokana na mkao, na mkao hurekebishika.

Mkao unarekebishwaje?

Hili ndilo la kuzingatia kuliko yote, na lifanyike kabla kitanda hakijaingia ndani. Mwambie mtaalamu wa mashine: "Nikinyoosha miguu mgongo unaniuma, naomba magoti yainuliwe." Ataweka kabari ya sponji au mito chini ya magoti. Kiuno kitashuka kuelekea kitandani, nawe utahisi ule mvuto ukilegea. Kama bado kiuno kinaning'inia, omba taulo dogo lililokunjwa lijaze pengo.

Kisha usikubali haraka. Lala dakika moja nzima. Kinachokukera kidogo sasa hivi kitakuwa hakivumiliki dakika ya 20: kisigino kinachogusa mahali pagumu, bega lililobanwa, shuka lililojikunja. Sema vyote. Wagonjwa wengi hunyamaza kwa kuona wanasumbua, lakini dakika 2 za kupanga mito ni nafuu kuliko kurudia kipimo kizima.

Mikono isishikane na miguu isipishane. Ngozi ikigusana hivyo hutengeneza mzunguko ambamo umeme hupita, na unaweza kuunguza.

Kipimo huchukua muda gani?

Cha kiuno mara nyingi dakika 15 hadi 30, na huongezeka ukidungwa dawa ya kung'arisha picha. Picha hupigwa kwa mikupuo, mingi ikiwa ya dakika 2 hadi 5, na katikati huwa kimya. Mashine hujenga picha kidogo kidogo, hivyo ukijisogeza dakika ya nne, mkupuo wote huweza kuharibika na kurudiwa. Hata wakati wa ukimya usihamishe nyonga bila kuuliza, kwa sababu mikupuo inayofuata imepangwa kwa kufuata picha za mwanzo. Kupumua kawaida hakuna shida. Kama una kikohozi kikali, sema mapema.

Ninywe dawa ya maumivu kabla?

Kwa kawaida ndiyo, ila muulize daktari wako. Parasetamoli humezwa dakika 30 hadi 60 kabla. Kwa mtu mzima ni miligramu 500 hadi 1,000, na isizidi gramu 4 ndani ya saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au mwili mdogo sana hupewa pungufu. Hesabu pia parasetamoli iliyomo kwenye dawa za mafua. Ibuprofeni na diklofenaki hazimfai kila mtu, hasa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba.

Kosa la kawaida ni kumeza dawa nyumbani, kisha foleni ikachelewa na dawa ikaisha nguvu ukiwa bado kwenye benchi. Uliza kwanza kama ratiba iko vilevile. Ukiandikiwa dawa ya kutuliza wasiwasi, njoo na mtu wa kukurudisha, na usiendeshe gari siku hiyo.

Nivue nini?

Saa, vito, mkanda, sidiria yenye chuma, na plasta za dawa zinazobandikwa ngozini, kwani baadhi zina utando wa chuma unaopata moto. Taja betri ya moyo, klipu za ubongoni, kipandikizi chochote na vipande vya chuma vilivyowahi kuingia jichoni, hata kama ni zamani. Pitia chooni pia.

Maumivu yakizidi nikiwa ndani?

Utapewa mpira wa kubonyeza, bonyeza, watakusikia. Unaweza kuwaomba tangu mwanzo waanze na mikupuo iliyo muhimu zaidi, ili ukishindwa njiani daktari awe na cha kusoma. Ukiwa ndani, legeza taya, mabega na makalio, maana misuli iliyokazwa huongeza maumivu. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe hadi 6. Mashine hupiga kelele kubwa, hivyo usikubali kuanza bila vizibo vya masikio. Anayeogopa kubanwa afunikwe macho kabla ya kuingia.

Ikishindikana kabisa, zipo njia nyingine: kulala ubavu, mashine ya wazi au dawa ya usingizi chini ya uangalizi. Kipimo kingine cha picha, CT, huisha haraka zaidi, lakini hutumia eksirei na hakionyeshi neva na diski (mito laini iliyo kati ya pingili) vizuri kama MRI.

Nashukaje kitandani?

Usiinuke moja kwa moja. Kunja magoti, geukia ubavu mwili mzima kwa pamoja, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Keti dakika moja kabla ya kusimama. Ukihisi ganzi mpya sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu, au ukashindwa kukojoa au kuzuia haja, mwambie mhudumu hapohapo. Usiende nyumbani kusubiri majibu.