Mtoto mlangoni saa kumi na mbili asubuhi: maswali ya walezi wa vituo vya watoto Dar

Nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto, Temeke. Nikikaa na dada wanaolea watoto wa wenzao mchana, wengi wakiwa na sebule moja na uani, maswali yao huwa yaleyale. Nimeyaandika kama walivyoyauliza.

Mama kamleta mtoto alfajiri, anawahi basi la mwendokasi, na mtoto ana joto. Nikimkataa, mama atakosa kazi. Nifanyeje?

Hili ndilo gumu kuliko yote, ndiyo maana nimelitanguliza.

Kwanza, usimpokee mtoto yeyote kabla hujamtazama, hata akiwa mzima kabisa. Dakika moja inatosha. Mguse shingo na tumbo, na kama una kipimajoto mwekee kwapani: kikisoma nyuzi 37.5 au zaidi, hiyo ni homa. Tazama macho, funua nguo uone ngozi. Kisha muulize mama mtoto amelalaje, amekula nini, na amepewa dawa gani, saa ngapi. Swali la dawa ndilo linalosahaulika. Mama anampa parasetamoli saa kumi na moja alfajiri ili homa ishuke na mtoto apokelewe. Saa mbili mlezi asiye na habari anaona joto limebaki, anampa nyingine. Mama hakukusudia ubaya, wala mlezi, ila dozi mbili zimepishana saa tatu tu, wakati zinatakiwa kupishana angalau saa nne hadi sita.

Wa kurudi nyumbani ni mwenye homa, anayeharisha, anayetapika, mwenye upele unaoambatana na homa, na mwenye macho mekundu yenye tongotongo. Mnakumbuka Januari 2024 macho mekundu yalivyoenea mjini hapa. Mwenye surua akae nyumbani siku 4 tangu upele ulipotokea; mwenye tetekuwanga mpaka malengelenge yote yakauke. Mafua mepesi bila homa mpokee, maana ukirudisha kila mwenye makamasi utabaki peke yako na midoli.

Na kuhusu kazi ya mama: mkubaliane siku ya kumwandikisha mtoto. Chukua namba ya mtu wa pili anayeweza kuja kumchukua, awe bibi, shangazi au jirani. Ukilianzisha jambo hilo mlangoni alfajiri, mtagombana tu.

Kuna hali ambazo hazisubiri mama wala shangazi. Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea mno au haamki. Panda bajaji, nenda kituo cha afya kilicho karibu, mpigie mama ukiwa njiani.

Degedege likimpata mtoto mikononi mwangu?

Mlaze chini kwa ubavu, ondoa vitu vya karibu, legeza nguo za shingoni, angalia saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, usimmwagie maji ya baridi. Likiisha au lisipoisha, safari ni ya hospitali.

Huku pwani wazee husema ni mdege amempitia, na wapo wanaomfukiza mtoto kinyesi cha tembo. Bibi wa nyumba hiyo usimvunjie heshima, lakini mtoto asifukizwe. Kifua chake kinahitaji hewa, na kama ni malaria kali, saa moja ya mafusho ni saa moja imepotea.

Watoto wangu wanaharisha kwa zamu, mmoja akipona mwingine anaanza. Maji nachemsha. Tatizo nini?

Nilimuuliza dada aliyeniuliza hivyo: watoto wananawa wapi? Akasema kwenye beseni, wote kumi, kisha wanafutwa kwa kanga moja. Basi jibu ni hilo beseni. Wa kwanza ananawa uchafu, wa kumi anaunawia, na kanga inamalizia kazi.

Mikono inawe kwa maji yanayotiririka na sabuni. Ndoo yenye koki inafaa, na kama huna, kibuyu chirizi cha dumu la lita 5 na kamba ya kukanyaga hakigharimu chochote na watoto wanakipenda. Hata wakati wa mgao wa maji kinatumia maji kidogo kuliko beseni. Waache wakaushe mikono kwa upepo. Wewe mwenyewe nawa kila unapobadilisha pampasi, ukitoka chooni na kabla ya kugusa chakula. Kama mko wawili, wa pampasi siku hiyo asipike uji.

Anayeharisha mpe ORS: pakiti moja kwenye maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, na iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, taratibu. Akitapika subiri dakika 10, uendelee. Aendelee kunyonya na kula. Zinki atapewa kituo cha afya, na mama aambiwe aitumie siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshakuwa kizuri. Choo chenye damu, au kinachotoka kama maji ya mchele bila kukoma, usikitibu nyumbani.

Mama anataka kuniachia maziwa yake. Yatakaa na joto hili?

Kwenye friji, ndiyo. Mezani, saa 4 ni za chumba chenye nyuzi 25, na sebule zetu za Februari hazishuki mpaka huko hata usiku. Kama huna friji, aje nayo kwenye kisanduku chenye barafu. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, usiyachemshe, na mnyweshe kwa kikombe kidogo kilichooshwa vizuri; chuchu ya chupa ni shida kuisafisha. Mkumbushe mama pia kwamba sheria ya ajira inampa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Wengi hawajui, na wanaojua wanaogopa kuomba.

Nasikia wengine huwapa piritoni wapate kulala.

Umesikia kweli, na ni hatari. Dawa ya mafua inayolewesha inaweza kupunguza pumzi ya mtoto mdogo. Ukiona huwezi kuwatuliza bila dawa, una watoto wengi kuliko mikono. Punguza idadi au ongeza msaidizi.

Vipi neti za kulalia mchana?

Ziwepo. Mbu wa dengi anauma mchana, na anazaliana kwenye maji masafi yaliyosimama: ndoo zisizofunikwa, matairi, vifuu uani. Yamwage kila wiki.

Katuni je?

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: asiyetimiza miaka 2, hakuna kabisa, wa miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku. Vitendawili na nyimbo unazozijua wewe vinatosha kujaza asubuhi.

Wakubwa wanakuja na ubuyu na karanga, wanawagawia wadogo.

Vikusanye mlangoni. Mbegu ya ubuyu inaweza kuziba koo la mtoto wa mwaka mmoja. Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa wala kulia, mwinamishe uso chini, mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5. Chini ya mwaka, mgeuze ubonyeze kifua kwa vidole viwili mara 5. Zaidi ya mwaka, simama nyuma yake ubonyeze tumbo juu ya kitovu, kwenda ndani na juu. Rudia. Usiingize kidole kutafuta usichokiona.

Mtoto alianguka kwenye ngazi saa sita, akalia kidogo, akacheza. Jioni nilinyamaza, nisije nikagombezwa.

Nakuelewa, lakini mpigie mama sasa hivi. Mtoto aliyegonga kichwa anaweza kucheza mchana na kuharibikiwa usiku. Mama asiyejua ataona usingizi mzito, ataona ni uchovu, atazima taa. Anayejua atamwamsha amtazame, na akitapika zaidi ya mara moja, akiwa hazinduki vizuri, au akitoa maji puani au masikioni, atakwenda hospitali usiku huohuo. Mwambie saa aliyoanguka, urefu wa ngazi, na sehemu ya kichwa iliyogonga.