Likizo Haitakusomea: Dhana Potofu za Watahiniwa wa CPA Walioajiriwa

Kila dirisha la usajili wa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) ya Tanzania linapofunguliwa, watahiniwa walioajiriwa wanaotafuta CPA, yaani sifa ya mhasibu wa kitaaluma, hunijia na swali moja kwa maneno tofauti: muda wa kusoma utapatikana wapi? Swali hilo ni halali kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na yeyote aliyewahi kufunga hesabu za mwezi anajua kwamba katika idara ya fedha saa hizo 45 ni za kuanzia tu. Tarehe 7 kuna kodi ya mishahara, tarehe 20 kuna ritani (taarifa ya kodi) ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT), na katikati yake kuna usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, ambao haukubali kukaa sawa. Kinachonichosha ni majibu ambayo watu huja nayo wakiwa wameshajijibu wenyewe, hasa lile la kwanza hapa chini, ambalo nimelisikia mno kiasi kwamba nimeona heri niliandikie.

Dhana: "Nitachukua likizo mwezi mmoja kabla ya mtihani, nisome mfululizo."

Nikiri kwanza kwamba kwenye karatasi mpango huu unapendeza. Likizo ya mwaka kwa mujibu wa sheria niliyoitaja ni siku 28 mfululizo. Mtu akijipangia kusoma saa nane kila siku atapata saa 224, wakati mwenzake anayesoma saa saba kwa wiki kwa muda wa wiki 18 ataambulia saa 126. Kwa tarakimu hizo likizo inashinda kwa mbali, na ndiyo maana wahasibu, ambao ni watu wa kuamini tarakimu, hunaswa nayo kirahisi kuliko watu wengine.

Tatizo la kwanza ni kwamba likizo hiyo si yako kuipanga peke yako. Katika sekta binafsi sheria inampa mwajiri mamlaka ya kuamua lini utaichukua, mradi asivuke miezi sita baada ya mzunguko wa likizo kumalizika, na mwajiri wa idara ya fedha ana kalenda yake. Vikao vikuu vya mitihani ni Mei na Novemba. Kampuni zinazofunga mwaka Desemba 31 zinatakiwa kuwasilisha ritani ya mwisho ya kodi ya mapato ndani ya miezi sita, yaani ifikapo Juni 30, kwa hiyo Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo wakaguzi wa nje wamejaa ofisini wakidai vielelezo. Anayefanya kazi katika kampuni ya ukaguzi na bado anajisajili kwa Mei, akitumaini kwamba bosi wake atamwachia Aprili nzima, anacheza kamari. Huyo ningemshauri aende Novemba. Mhasibu wa serikali ana kalenda tofauti: mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, hesabu zinatakiwa kumfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu, na baada ya hapo wakaguzi wanaingia na hoja zao. Kwake Mei ina nafuu, kwa sababu miezi ya mwanzo wa mwaka wa kalenda huwa na utulivu kidogo kuliko ile inayotangulia Novemba. Inashangaza jinsi watu wanaopanga bajeti za taasisi nzima wanavyojisajili kwa mtihani bila kuweka kalenda mbili pembeni na kuzilinganisha.

Tatizo la pili ni nyumbani. Machoni pa ukoo, mtu aliye likizo ni mtu asiye na kazi. Kuna mama wa kupelekwa hospitali, harusi ambayo kamati yake inakosa mweka hazina (na nani atafaa kuliko mhasibu wa familia?), fundi wa kusimamiwa, na watoto ambao wamefurahi kumwona mzazi mchana. Zile saa 224 zinaanza kupungua tangu wiki ya kwanza, na sijawahi kuonana na mtahiniwa aliyezimaliza zote.

Tatizo la tatu ndilo kubwa, na lingebaki hata kama mwajiri na ukoo wangekubaliana kukuacha peke yako. Kumbukumbu haijengwi kwa wingi wa saa zilizorundikwa mahali pamoja. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha jinsi mambo mapya yanavyosahaulika kwa kasi ndani ya saa na siku chache za kwanza, na jinsi marudio yaliyoachanishwa kwa siku yanavyofanya kazi kuliko marudio yaliyobanwa pamoja. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na wenzao waliosoma kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtahiniwa wa likizo anapata hasara zote mbili kwa pamoja, maana anabana muda na, kwa kuwa ana mada nyingi za kumaliza, anasoma tu bila kujipima. Kusoma kwa namna hiyo ni mvua ya masika juu ya lami: inanyesha nyingi, na karibu yote inaishia mtaroni.

Ninachowashauri, na wanaonifahamu wamechoka kunisikia nikikirudia, ni swali moja kila siku ya kazi. Mtihani wa saa tatu wenye alama 100 unakupa dakika 180, yaani dakika moja na sekunde 48 kwa kila alama. Swali la alama 20, kwa hiyo, ni kazi ya dakika 36. Muda huo unapatikana. Anayetoka Kimara akapanda mwendokasi mapema kabla foleni za watu hazijawa ndefu anaweza kukaa kwenye meza yake saa moja na dakika ishirini asubuhi, akaanza swali, na akaweka kalamu chini saa mbili kasoro dakika nne, kabla simu ya kwanza haijaita. Siku tano za namna hiyo ni saa tatu, na ukiongeza saa nne za Jumamosi kwa ajili ya kusoma mada mpya unazipata zile saa saba za wiki nilizotaja juu.

Masharti yake ni magumu kidogo. Kitabu kinafungwa, simu inawekwa kwenye droo, na saa inahesabu. Tuseme swali ni la hesabu za kundi la kampuni. Dakika za mwanzo unachora muundo wa kundi: nani anammiliki nani, kwa asilimia ngapi, tangu tarehe gani. Unafuata na jedwali la mali halisi za kampuni tanzu, safu moja ya siku ya ununuzi na nyingine ya siku ya mizania, halafu gudwili (ziada iliyolipwa juu ya thamani ya mali hizo), halafu sehemu ya wanahisa wachache, halafu limbikizo la faida. Dakika 36 zikiisha unasimama hata kama mizania haijakaa sawa. Jioni unasahihisha kwa kalamu nyekundu, ukitumia majibu ambayo Bodi yenyewe huyachapisha pamoja na maswali ya vikao vilivyopita, na kwenye kaunta buku ya pembeni unaandika kosa lenyewe kwa sentensi moja: "Sikuondoa faida ambayo haijapatikana kwenye bidhaa zilizobaki ghalani." Usinakili jibu sahihi, kwa kuwa hilo limeshachapishwa. Kosa lako halijachapishwa popote, na bila kuliandika utalirudia Novemba kama ulivyolifanya Mei.

Wapo wanaonionyesha madaftari yaliyopakwa njano, kijani na waridi kutoka jalada hadi jalada kama ushahidi kwamba wamesoma. Ninapowaomba wafunge daftari na kuanza kukokotoa kodi iliyoahirishwa (ile itakayoangukia miaka ijayo) kwa mtambo ambao thamani yake vitabuni imezidi thamani yake ya kikodi, wengi hawajui mstari wa kwanza uandikwe nini. Rangi hazijawahi kupewa alama na msahihishaji yeyote.

Je, likizo haina faida yoyote? Inayo, ikigawanywa. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, siku 28 za kalenda ni siku 20 za kazi. Nenda kwa mwajiri mapema, mara tu ratiba ya mtihani inapotoka, na maombi ya maandishi: Ijumaa nane zilizotawanyika katika kipindi cha maandalizi, na siku tano za wiki inayotangulia mtihani. Siku saba zilizobaki ni za familia, na familia iambiwe hivyo tangu mwanzo. Meneja wa fedha anayekataa kukupoteza kwa mwezi mzima mara nyingi hukubali kukupoteza kwa Ijumaa moja moja, hasa ukiwa umehakikisha hakuna inayoangukia tarehe za ritani.

Dhana: "Kazi yangu yenyewe ni uhasibu, kwa hiyo ninasoma kila siku nikiwa kazini."

Kazi inakufundisha sehemu uliyopangiwa, basi. Aliyekaa miaka mitatu kwenye dawati la wadai anajua kulinganisha ankara na hati ya kupokelea mzigo kuliko mkufunzi yeyote, lakini mtihani utamuuliza hatua tano za kutambua mapato chini ya IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mapato, na programu ya ofisini haijawahi kumwonyesha hata moja kwa sababu inapitisha mihamala yenyewe. Kazi inakuwa msaada pale unapoitumia kwa makusudi. Chukua mkataba wa pango la ofisi yenu, ukokotoe dhima (deni la pango) na haki ya matumizi kwa mujibu wa IFRS 16, kiwango cha mikataba ya pango, kisha ulinganishe na kilichomo kwenye vitabu. Ukikuta tofauti, umejifunza mara mbili, na pengine umempa meneja wako sababu ya kukuheshimu.

Dhana: "Ninaamka saa tisa usiku kila siku hadi mtihani uishe."

Wiki mbili utaweza. Wiki ya tatu utakuwa unasinzia mchana juu ya urari (orodha ya salio za akaunti zote) na kupitisha makosa ambayo utayatafuta hadi saa mbili usiku, na muda uliouiba usingizini utakuwa umeurudisha kwa riba. Ubongo unahitaji usingizi ili kuhifadhi ulichojifunza. Kama asubuhi ya mapema ndiyo saa yako, lala mapema kwa kiasi hicho hicho, vinginevyo acha.

Dhana: "Nasikiliza rekodi za darasa kwenye daladala, kwa hiyo foleni hainipotezei muda."

Kwa maadili, utawala bora na nadharia ya ukaguzi, sawa. Kwa mtiririko wa fedha, hesabu za kundi na kodi, hapana. Hakuna aliyejifunza kukokotoa kwa masikio, akiwa amesimama kati ya Mbagala na Kariakoo huku kondakta akidai nauli. Ukiwa na kiti, tumia safari kupitia ile kaunta buku ya makosa.

Dhana: "Darasa la rivyu litanimalizia kila kitu."

Nafundisha madarasa hayo, kwa hiyo nisemapo hapana sina kijicho. Rivyu, kama jina lake linavyosema, ni mapitio. Anayekuja bila kuwa amegusa swali hata moja anatoka na picha za ubao kwenye simu ambazo hatazifungua tena. Saa tatu za kunitazama nikitatua swali zinakufundisha kwamba mimi naweza kulitatua.

Dhana: "Nikijisajili masomo yote kwa mkupuo nitaokoa muda."

Pale kanuni za kiwango chako zinapokuruhusu kugawa masomo, yagawe. Wiki 18 za saa saba zikigawanywa kwa masomo mawili zinakupa saa 63 kwa kila somo. Zikigawanywa kwa manne hazifiki 32. Kama ni lazima uyachukue pamoja, anza maandalizi kikao kimoja kabla, na usisubiri dirisha la usajili ndipo ununue vitabu.

Dhana: "Madokezo ya mwenzangu aliyefaulu yataniokolea muda."

Yataokoa, kama aliyeyaandika alifaulu juzi. Sheria ya Fedha hubadilishwa kila mwaka na huanza kutumika Julai 1, na viwango vya kimataifa havikai mahali pamoja: IFRS 18 inachukua nafasi ya IAS 1, kiwango cha uwasilishaji wa taarifa za fedha, kwa miaka ya hesabu inayoanza Januari 1, 2027 na kuendelea. Kabla hujatoa nakala ya madokezo ya kodi uliyoazimwa, fungua ukurasa wa usajili wa VAT. Ukikuta kizingiti cha mauzo bado ni shilingi milioni 100, ujue yaliandikwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 2023 yaliyokipandisha hadi milioni 200, na uyarudishe kwa mwenyewe kwa shukrani.