Ito moja la sindano, ito moja la Manda: dhana potofu kuhusu macho yasiyolingana

Ami yangu hushona kofia za mkono barazani, Langoni mjini Lamu, na mtaa mzima humsifu kwa macho. Amepita miaka sitini, lakini hutunga uzi bila miwani, kisha huinua kichwa na kukwambia mashua inayotoka Manda, kisiwa cha ng'ambo, ni ya nani. Siku moja vumbi likamwingia jicho la kulia. Alipolifumba, tundu la sindano likapotea. Akadhani amepofuka.

Mpima macho alimweleza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria hapo barazani. Jicho lake la kulia haliwezi kuona mbali, la kushoto haliwezi kuona karibu. Miaka yote hiyo moja limeshika sindano, jingine limeshika bahari, na ubongo ukawa unachukua picha iliyo safi na kuiacha nyingine. Sifa za macho makali zilikuwa za macho mawili mabovu yaliyogawana kazi.

Kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, jicho ni ito na macho ni mato, na wengi hudhani mato ni pacha. Kwamba macho ya mtu hulingana ndiyo dhana ya kwanza kuiacha. Kila jicho ni tufe lake, lenye urefu wa kama milimita 24 kwa mtu mzima, toka mbele hadi nyuma. Likizidi mwenzake kwa milimita moja tu, nguvu ya lenzi inayohitajika hutofautiana kwa dioptria (kipimo cha nguvu ya lenzi) mbili na nusu hadi tatu. Tofauti ndogo wanayo watu wengi na haiwasumbui. Ikifika kama dioptria moja, wataalamu huiita anisometropia.

"Jicho moja likiwa bovu, mwenyewe ningejua." Hungejua. Ami hakujua. Simama gatini asubuhi, chagua mashua yenye jina ubavuni, funika jicho moja kwa kiganja bila kulibana (ukilibana, litakuwa na ukungu kwa muda), usome. Kisha badilisha. Kama una miwani ya mbali, ivae. Hili si badala ya kupimwa, ila ndilo linalowapeleka watu kupimwa.

Dhana inayoniudhi kuliko zote inahusu watoto: "Hana makengeza, basi macho yake mazima." Mtoto mchanga hazaliwi anajua kuona, ubongo hujifunza katika miaka ya mwanzo. Jicho moja likileta picha yenye ukungu siku zote, ubongo huacha kulisikiliza, na hilo huwa jicho vivu. Kwa nje limenyooka, linang'aa, zuri kabisa. Mtoto atakwenda chuoni, atasoma juzuu yake kwa jicho zima, na mwalimu hatashuku kitu. Hata akija kupewa miwani ukubwani, huenda asione sawasawa, kwa sababu kasoro imeshahama kutoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo.

Tiba yake huwashangaza mabibi. Kwanza miwani. Isipotosha, huzibwa jicho lililo *zima*, mara nyingi saa mbili kwa siku, zaidi kama hali ni mbaya, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Au jicho zima hutiwa matone ya atropini yalitie ukungu. Nimesikia kwa masikio yangu: "Mwamziba mtoto ito lake nzima, mwataka awe kipofu?" La, bibi, daktari hufuatilia. Kabla ya miaka saba mafanikio huwa makubwa zaidi, ingawa wapo waliovuka umri huo wakanufaika, kwa hiyo wa miaka kumi naye apelekwe.

"Miwani ya dukani yatosha." Ile inayouzwa tayari ina lenzi mbili za nguvu moja. Ukiwa na macho yasiyolingana, itakufaa upande mmoja. Haitakuharibu jicho, ni pesa tu. Na hata miwani iliyopimwa, tofauti ikiwa kubwa, huenda kila jicho likaona kitu kwa ukubwa wake, ukahisi sakafu yayumba kama umo mashuani. Usiitupe kabatini, rudi kwa aliyekupima. Wengine husaidiwa zaidi na lenzi za kuvaa juu ya jicho lenyewe.

Na wanja, je, hutibu? Haurekebishi urefu wa tufe, na baadhi yake una madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani. Tusitie watoto.

Iliyobaki ni hatari: "Tofauti ni ya uzee tu." Ikija polepole, huenda ni mtoto wa jicho, ambao mara nyingi hutangulia upande mmoja, na hutibika kwa upasuaji. Lakini jicho moja likififia ghafla, likawa na vimulimuli, vidoa vingi vipya au kama pazia linashuka, huenda retina, utando ulio nyuma ndani ya jicho, imebanduka, na hilo ni la siku hiyo hiyo. Vilevile mtoto ambaye mboni yake moja hung'aa nyeupe kwenye picha: yaweza kuwa saratani ya jicho. Kama hospitali iliyo karibu haina daktari wa macho, omba barua ya rufaa, uvuke hadi Mokowe, bara, kwa boti ya kwanza. Hata kama kuna harusi, itakusubiri.