Chujio la Samaki Halipimwi kwa Nguvu ya Pampu

Dhana kwamba pampu yenye nguvu zaidi ndiyo chujio bora zaidi la kusafisha maji ya tangi la samaki nimeisikia kwa wateja wa Kisumu na wa Nakuru kiasi cha kuchoka kuijibu kwa simu. Mtu ana tangi dogo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ananunua pampu ya lita 1,000 kwa saa, anaifungia kipande cha sponji kinachoenea kiganjani, kisha anashangaa kuwaona samaki wakitweta kwenye uso wa maji.

Ukweli ni kwamba pampu husukuma maji tu. Wanaoondoa sumu ni bakteria waliojishikiza kwenye sponji na mawe, ambao hugeuza amonia itokayo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao wakikosa makao, kuyazungusha maji mara 20 kwa saa ni kuizungusha sumu ile ile, tena kwa mkondo unaowachosha samaki wa mapezi marefu.

Anza kwa hesabu. Tangi hilo likijaa pomoni lina lita 54, lakini ukiondoa changarawe na nafasi ya juu hubaki takriban 45, na mzunguko wa mara nne hadi sita kwa saa, yaani lita 180 hadi 270, unatosha kabisa. Namba iliyoandikwa kwenye kasha usiitegemee, kwa kuwa hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji wala haiyapitishi kwenye sponji. Kinga jagi la lita moja kwenye mdomo wa chujio lililokwisha kuundwa, uhesabu sekunde: likijaa kwa sekunde 15, unapata lita 240 kwa saa. Fedha zinazobaki nunulia sponji kubwa yenye vitundu vinavyoonekana kwa macho, na uongeze mawe mepesi ya volkano, ambayo mkazi wa Nakuru hana sababu ya kuyaagiza ng'ambo.

Wengine huamini kuwa sponji ioshwe chini ya mfereji kila wiki hadi itakate. Klorini ya mfereji huwaua bakteria hao hao. Ikamue ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, na ufanye hivyo mkondo unapopungua tu. Sabuni isiikaribie kamwe.

Chujio jipya nalo haliko tayari siku linapowashwa, kwa maana bakteria huchukua takriban wiki nne hadi sita kuenea.

Kuhusu kulizima usiku ili kuokoa umeme, samaki hawaachi kutoa amonia gizani, na bakteria huhitaji oksijeni inayoletwa na mkondo. Pampu ya wati 5 ikifanya kazi mwezi mzima bila kuzimwa haitumii hata uniti nne.