Ford flathedi ya viwanja vya vumbi: joto kwanza, nguvu baadaye

Mtu akipata flathedi, yaani V8 ya zamani ya Ford yenye hedi bapa na silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, na kutaka kuifufua kwa mbio za duaradufu, swali lake la kwanza huwa kabureta: afunge mbili au tatu? Mimi humrudisha kwenye bloki, mwili wa injini wenye silinda. Injini hii ilitoka kiwandani mwaka 1932 ikiwa na lita 3.6 na nguvu za farasi 65, na Februari 15, 1948, Red Byron alishinda Daytona Beach, katika mbio za kwanza za NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani, kwa Ford ya 1939 iliyoandaliwa na fundi Red Vogt. Nguvu inapatikana. Kinachoiua ni kuchemka.

Valvu zote zimo ndani ya bloki, upande wa ndani wa V, zikitazama juu. Silindahedi ni kifuniko tu chenye plagi na njia za maji. Moshi ukishatoka kwenye valvu hauishii hapo: hupenya ndani ya bloki, katikati ya silinda, mpaka utokee upande wa nje, na safari yote hiyo umezungukwa na maji ya kupoozea. Kwa hiyo maji hubeba joto ambalo lilipaswa kwenda na bomba la ekzosi.

Tena kila upande una silinda nne lakini matundu matatu ya ekzosi. Silinda za katikati, yaani 2 na 3 upande mmoja, 6 na 7 upande wa pili, hutumia tundu moja. Fuata mpangilio wa kuwaka: 1-5-4-8-6-3-7-2. Kati ya 6 na 7 kuna nusu mzunguko tu wa krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), na kati ya 3 na 2 vilevile. Valvu ya ekzosi hukaa wazi kwa zaidi ya nusu mzunguko, hivyo 7 inapoanza kutema moshi, ya 6 bado haijafunga, na moshi wa moto unasukumwa kurudi kwa jirani. Ndiyo maana mafundi wa mbio huweka kibati cha kugawa tundu hilo la kati. Usikiruke.

Gari la Hudson Hornet nalo lilikuwa na injini ya valvu za pembeni, yaani zilizo ndani ya bloki kama hizi, silinda sita za mstari, lita 5.0, na mwaka 1952 Hudson ilishinda mbio 27 kati ya 34 za daraja la juu la NASCAR. Katika injini ya mstari valvu ziko karibu kabisa na manifoldi, kwa hiyo moshi hauna safari ya kukatiza bloki. Wanaolaumu valvu za pembeni kwa kila kuchemka wanalaumu kitu kisichohusika.

Sasa kazi. Vua kila kitu hadi plagi za maji, chemsha bloki kwenye magadi makali, kisha ingiza waya kwenye matundu ya pampu na ukwangue. Zitatoka kutu na mchanga wa kusubia uliobaki humo tangu kiwandani. Halafu tafuta nyufa kwa unga wa sumaku, na upime njia za maji kwa presha, kabla hujalipa hata senti ya kuchonga. Ufa mfupi kati ya tundu la studi (skrubu ya kufungia hedi) na tundu la maji unatengenezeka. Ufa unaotoka kwenye kiti cha valvu na kuingia ukuta wa silinda unahitaji slivu, yaani ukuta mpya wa silinda, nami kwa gari la mbio naiacha bloki hiyo.

Krankishafti ya Mercury ya 1949 ina stroki (mwendo wa pistoni juu na chini) ya milimita 101.6 badala ya 95.25 ya Ford. Ukiifunga na silinda za kipenyo cha milimita 84.1 unapata lita 4.5. Wapo wanaofika 85.7, ukuta unabaki mwembamba, kwa hiyo pima unene wake kwanza. Kuchimba sehemu kati ya valvu na silinda ili hewa ipite vizuri kunapunguza mgandamizo, tena ni palepale nyufa zinapoanzia. Mimi siichimbi.

Weka plastisini (udongo laini wa kufinyanga) juu ya pistoni na valvu, funga hedi na gasketi iliyokwisha kubanwa, zungusha injini kwa mkono, fungua, kata, pima. Kati ya pistoni na hedi acha karibu milimita 1.3. Pungufu ya hapo, pistoni itagusa hedi injini ikizunguka kwa kasi; ukizidisha sana, mchanganyiko hautibuliwi vizuri na injini inaanza kunoki, yaani mchanganyiko kulipuka ovyo na kugonga.

Studi za kila hedi: nyingi zinaingia kwenye maji. Paka gundi ya kuziba maji kwenye nyuzi za zote, la sivyo utabadilisha gasketi nzima bure. Kaza kutoka katikati kwenda nje kwa awamu tatu, washa mpaka ipate moto, na hedi za aluminiamu uzirudie zikiwa zimepoa.

Wengi hukata nusu ya mapanga ya pampu za maji wakiamini kwamba maji yakienda polepole huchukua joto zaidi. Si kweli. Dawa hiyo husaidia kwa sababu injini ikizunguka kwa kasi pampu huchafua maji kuwa povu na kuyasukuma nje ya rejeta. Puli kubwa zaidi, inayozungusha pampu polepole, hufanya kazi ileile bila kuharibu pampu.

Kwa kona za kushoto, weka vizuizi ndani ya sampu (karai la oili chini ya injini), kwani oili hukimbilia kulia na pampu ikavuta hewa. Kabureta ya Stromberg 97 haitaki presha ya mafuta inayozidi psi 3, na usawa wa mafuta uwe milimita 12 chini ya ukingo wa bakuli.

Ukihamia methanoli injini inapoa sana, ila inakunywa zaidi ya mara mbili. Usizidishe mara mbili kipenyo cha jeti, tundu linalopima mafuta. Ni eneo la tundu linalohesabika. Jeti ya kawaida ya milimita 1.14 anza nayo kwenye 1.7, panua na kiti cha sindano ya boya, kisha ongeza kwa kusoma rangi ya plagi. Baada ya mbio mwaga methanoli yote na upitishe petroli, maana mwili wa kabureta hii ni wa zinki na methanoli inaula.