Saba Saba haina uchawi

Kila ikikaribia Julai, ujumbe ule unarudi. Safari hii nimetumiwa na wasikilizaji kadhaa na shemeji yangu mmoja, wote kwa nia njema. Unaanza hivi: TANU ilizaliwa 7/7. Wakenya walidai vyama vingi 7/7. London ililipuliwa 7/7. Rais wa Haiti aliuawa 7/7. Siku ya Kiswahili Duniani ni 7/7. Kisha unafunga kwa kusema namba hii si ya bure, sambaza kwa wenzako.

Kazi yangu ni kuandaa kile kipande cha asubuhi cha redio kinachosimulia mambo yaliyotokea siku kama ya leo na watu waliozaliwa siku hiyo. Tarehe ndiyo malighafi yangu, kwa hiyo ujumbe huu unanikera kuliko unavyomkera mtu mwingine. Nikisema bila kuzunguka: tarehe haivuti matukio. Binadamu ndio wanaoyabeba matukio na kuyatua kwenye tarehe wanayoitaka, na yale wasiyoyabeba huangukia popote.

Hesabu nizimalize haraka. Mwaka una siku 366 ukiingiza 29 Februari, na matukio yanayotajwa vitabuni hayana idadi. Wakikaa watu 23 chumbani, uwezekano wa wawili kati yao kuzaliwa siku moja umeshavuka nusu. Sasa weka chumba hichohicho vita, mikataba, mapinduzi na vifo vya wakubwa vya karne kumi. Kila siku itapata lundo lake. Tazama wiki hiyohiyo ya Julai: tarehe 1 ni uhuru wa Rwanda na Burundi, 1962. Tarehe 5 ni Algeria mwaka huohuo, na Cape Verde 1975. Tarehe 6 ni Malawi 1964 na Komoro 1975. Tarehe 9 ni Sudan Kusini, 2011. Hakuna anayenitumia ujumbe kwamba tarehe 6 ina siri, kwa sababu "sita sita" haipo pale na haitamkiki vizuri.

Linalohitaji muda ni hili la kuchagua.

Algeria ni mfano ulio wazi. Baada ya kura ya maoni, Ufaransa iliutambua uhuru wake tarehe 3 Julai 1962. Waalgeria wakaamua kusherehekea tarehe 5. Kwa nini 5? Kwa sababu majeshi ya Ufaransa yaliuteka mji wa Algiers tarehe 5 Julai 1830. Walitaka siku ile ya aibu ifunikwe na siku ya furaha, na wakaifunika kwa makusudi. Mtu asiyejua atasema, ajabu iliyoje, walitekwa na kukombolewa siku moja! Ajabu haipo. Kuna watu walioketi na kalenda mbele yao.

Sisi wenyewe tunafanya hivyohivyo. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 na kuwa jamhuri 9 Desemba 1962. Kenya, 12 Desemba 1963 na 12 Desemba 1964. CCM ilizaliwa 5 Februari 1977 kwa kuunganisha TANU ya Bara na ASP, chama cha Zanzibar, na siku hiyo ASP ilikuwa inatimiza miaka ishirini tangu 5 Februari 1957. Katikati yake kuna Azimio la Arusha, lililotangazwa 5 Februari 1967 ingawa Halmashauri Kuu ya TANU ililipitisha Arusha mwishoni mwa Januari. Ukipanga miaka hiyo, 57, 67, 77, unaweza kumtisha mtu nayo. Lakini kuzaliwa kwa CCM siku hiyo kulipangwa, na kulipangwa hadharani.

Turudi kwenye tarehe 7 Julai na kuipanga upya orodha ya ujumbe ule.

TANU ndiyo mzizi. Jumatano ya tarehe 7 Julai 1954, jijini Dar es Salaam, mkutano wa TAA (Tanganyika African Association) ulikigeuza chama kile cha zamani kuwa chama cha siasa kinachodai kujitawala, Nyerere akiwa rais wake. Kwa wazee wa Kariakoo waliokuwa wakihesabu kwa mwezi mwandamo, siku hiyo iliangukia siku za mwanzo za Mfunguo Pili, mwaka 1373. Hawakuwa na mwezi wa saba hapo. Jina la Saba Saba lilikuja kwa sababu ya mkutano, na baadaye likabeba mengine mengi. Kwa miaka mingi ilikuwa Siku ya Wakulima, hadi wakulima walipohamishiwa Nane Nane, na leo kijana wa Dar ukimtajia Saba Saba anaona viwanja vya maonyesho Barabara ya Kilwa.

Siku ya Kiswahili Duniani, je? UNESCO ilipitisha azimio lake Paris tarehe 23 Novemba 2021. Ikaichagua 7 Julai kwa sababu siku hiyo ya 1954 TANU ilikitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kuwaunganisha watu katika kudai uhuru. Kwa hiyo TANU na Siku ya Kiswahili ni mama na mtoto, na ujumbe ule unawahesabu kama wageni wawili waliokutana njiani kwa bahati. Hapa ndipo ninapochoka hasa. Ukikichagua kitu kifanane na kingine, huwezi kurudi baadaye ukashangaa kwamba vinafanana.

Kuna pia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ujumbe haukuitaja. Mkataba wake ulisainiwa Arusha 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika 7 Julai 2000. Siku rasmi ya Jumuiya ni 30 Novemba. Wapenzi wa namba huchukua ile ya Julai, na laiti Jumuiya ingeiadhimisha Julai, wangekuwa wamepata ushahidi mwingine bila jasho.

Kenya, Jumamosi ya 7 Julai 1990, nayo haikuwa ajali. Kenneth Matiba na Charles Rubia walishatangaza mapema mkutano wa Kamukunji. Serikali ikaunyima kibali na kuwakamata wote wawili siku chache kabla. Watu wakaenda hata hivyo, polisi wakawavamia, ghasia zikasambaa na watu wakauawa. Kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kilifutwa Desemba 1991. Na tangu hapo tarehe yenyewe imekuwa mwito. Tarehe 7 Julai 2025 vijana waliingia tena barabarani kwa sababu ni Saba Saba, na wapo ambao hawakurudi nyumbani. Anayesema namba ndiyo iliyowaua anawaondolea wauaji mzigo wao. Hilo silichukulii kama mzaha wa mtandaoni.

London 2005 na Haiti 2021 naziacha zilivyo. Ni misiba miwili iliyoangukia siku moja, na zaidi ya hapo sioni cha kuunganisha.

Sasa nije kwenye siku za kuzaliwa, ambako orodha za mtandaoni zinanakiliana kosa moja kila mwaka. Ukitafuta waliozaliwa 7 Julai utampata Gustav Mahler, 1860. Ringo Starr, 1940. Mahendra Singh Dhoni wa kriketi, 1981. Hao hawana tatizo. Kisha utamkuta mchoraji Marc Chagall, 7 Julai 1887, na wapenzi wa namba humwandika 7/7/87 kwa furaha kubwa.

Chagall alizaliwa karibu na Vitebsk, Belarus ya leo, wakati huo ikiwa chini ya Urusi. Urusi ilikuwa bado inatumia kalenda ya Juliasi, na kwa kalenda hiyo alizaliwa 24 Juni. Ili kuipeleka tarehe hiyo kwenye kalenda ya Gregori tunayotumia, unaongeza siku. Ngapi? Watu wengi wamekariri 13, na 24 Juni ukiongeza 13 unapata 7 Julai. Lakini pengo la siku 13 lilianza mwaka 1900. Mwaka ule kwa Juliasi ulikuwa mwaka mrefu, wenye 29 Februari, na kwa Gregori haukuwa, kwa hiyo kalenda hizo zikaachana kwa siku moja zaidi. Karne ya 19 nzima pengo lilikuwa siku 12. Ndiyo maana Mkataba wa Tilsit kati ya Napoleon na mfalme wa Urusi, uliosainiwa 7 Julai 1807, kwa Warusi una tarehe 25 Juni. Chagall alizaliwa 1887. Ongeza 12. Unapata 6 Julai.

Na haliishii hapo. Makumbusho yake ya Nice, kusini mwa Ufaransa, yalifunguliwa 7 Julai 1973, kwa heshima ya siku yake ya kuzaliwa, yeye mwenyewe akiwa hai. Sasa tarehe 7 Julai ina tukio la kweli kabisa, ufunguzi wa makumbusho, lililowekwa hapo kwa sababu ya hesabu iliyozidi siku moja. Tarehe hupata uzito kwa njia hiyo: mtu anaitua, mwingine anaijengea nyumba.

Hapa nina shaka ambayo sijaimaliza. Kama mtu mwenyewe alikubali 7 Julai kuwa siku yake, mimi ni nani wa kumhamisha baada ya kufa kwake? Hesabu inasema 6, maisha yake yanasema 7. Nimeamua kumsoma tarehe 6 na kueleza sababu, lakini ukinibana sana naweza kukubali hoja ya upande wa pili.

Saa nazo zina fujo yake, ingawa hili nitalipitia mbio. Gari la anga Opportunity lilirushwa kuelekea Mirihi kutoka Florida tarehe 7 Julai 2003, saa tano usiku na dakika 18. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na dakika 18, tarehe 8. Nani mwenye tarehe? Natumia saa za mahali tukio lilipotokea, na naona ndiyo kanuni pekee inayokalika. Wanaoniandikia wakitaja "usiku wa tarehe 7" bila kusema ni usiku wa kuamkia au wa baada ya jua kuchwa wananipa kazi mara mbili. Kwa Mapinduzi ya Zanzibar, kwa mfano, "usiku wa kuamkia 12 Januari 1964" inasema kila kitu.

Shaka kubwa zaidi niliyonayo inahusu orodha zenyewe. Anayeingia kwenye orodha ya waliozaliwa leo ni yule ambaye mtu fulani aliandika tarehe yake. Vitebsk kulikuwa na karani na daftari. Jomo Kenyatta hakuandikwa, na siku yake ya kuzaliwa haijulikani hadi leo. Bi Kidude aliyefariki 17 Aprili 2013 hakuwa na tarehe ya kuzaliwa ya kumwimbia. Wangapi kati ya wazee wetu wana 1 Januari kwenye kitambulisho kwa sababu afisa alihitaji kujaza kisanduku? Kwa hiyo kila asubuhi nikisoma majina, yanajaa Ulaya na Marekani, na msikilizaji wa Tandahimba anaweza kudhani watu mashuhuri huzaliwa huko tu. Sijapata njia nzuri ya kulirekebisha. Ninachofanya ni kutumia siku za vifo pale za kuzaliwa zinapokosekana.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, na siku haikuandikwa. Alikwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, akawa sauti ya pwani nzima. Alifariki 8 Julai 1950. Ndiyo kesho ya Saba Saba, na mwaka huu nimeomba dakika za ziada asubuhi hiyo tumpige yeye.